Ni- au A-? Dalili za nafsi iliyokosewa katika hadithi, na dawa zake

Mswada ukikwama, mwandishi humshuku mhusika, kisha kisa, kisha yeye mwenyewe. Nafsi ya usimulizi hushukiwa mwisho, kwa kuwa mara nyingi haikuchaguliwa kamwe: sentensi ya kwanza ilikuja na "nili-" au "ali-", na kurasa arobaini zikaifuata. Hapa tunaanzia kwenye dalili. Tafuta inayofanana na ya mswada wako, fanya jaribio lake, ndipo uamue kama utabadili nafsi ya hadithi nzima au utatengeneza ukurasa tu. Mara nyingi ni hilo la pili. Kubadili nafsi ya riwaya ni kazi ya wiki nyingi, na kama ugonjwa ni mwingine, utahama nao.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Katika nafsi ya kwanza msimulizi yumo ndani ya kisa na anasema "mimi". Nafsi ya tatu ina wasimulizi wawili wasiofanana: msimulizi maizi, anayejua ya kila mtu, na msimulizi aliyeshikamana na mhusika mmoja, asiyejua ila anachokijua mhusika huyo. Aliyesema "naandika nafsi ya tatu" hajasema bado ni yupi kati ya hao wawili, na nusu ya matatizo yaliyo hapa chini huanzia kwenye ukimya huo.

Dalili: msomaji anauliza "nani kamwambia nani?"

Soma hii:

"Zuhura alimkuta Mwanaidi jikoni. Akamwambia amechelewa, akamkabidhi funguo, akatoka bila kuaga."

Aliyechelewa ni nani? Aliyetoka je? Mwandishi anajua, ukurasa haujui. Kiswahili kina kiambishi kimoja, a-, kwa mwanamume, mwanamke, mtoto na hata paka, na kimoja cha mtendwa, -m-. Watu wawili wakiwa chumba kimoja, viambishi hivyo vinagombaniwa. Nayo -ka- inaongeza moto: msomaji huichukulia kuwa mtenda ni yuleyule wa sentensi iliyopita, wakati mwandishi kishambadilisha kimyakimya.

Jaribio: chukua ukurasa wenye watu wawili na kalamu mbili za rangi tofauti. Pigia mstari kila a- na kila -m- kwa rangi ya mwenyewe. Pale mkono wako unaposita, msomaji atapotea.

Dawa ya kwanza haihitaji kubadili nafsi. Taja jina mtenda anapobadilika, si katika kila sentensi. Tumia cheo cha ukoo, ambacho hufanya kazi mbili kwa mpigo: kinamtambulisha mtu na kinaonyesha uhusiano. Geuza tendo liwe katika kauli ya kutendwa: "Mwanaidi akaambiwa". Lete usemi halisi, kwa sababu "umechelewa" haina utata ambao "amechelewa" inao. Na kitu chochote cha ngeli nyingine kikiingia kati kinasaidia:

"Zuhura alimkuta Mwanaidi jikoni. 'Umechelewa, wifi,' akasema, akatupa funguo mezani. Mwanaidi akazichukua, akatoka bila kuaga."

Dawa ya pili ni nafsi ya kwanza: "Nilimkuta Mwanaidi jikoni. Nikamwambia amechelewa, nikamkabidhi funguo, akatoka bila kuaga." Hakuna kilichobadilishwa isipokuwa mtenda, na utata wote umekwisha. Kama hadithi yako karibu yote ni watu wawili ndani ya chumba, hii ni sababu halali kabisa ya kuchagua "mimi", ingawa haisemwi sana madarasani. Lakini ni- humwondoa mtu mmoja tu kwenye ugomvi. Wakiwa watatu, a- wawili waliobaki wataanza tena.

Dalili: inasomeka kama maelezo ya kituo cha polisi

"Niliamka saa kumi na moja. Nikanawa uso. Nikasikia mlango ukigongwa. Nikaenda kufungua. Nikamwona balozi wa nyumba kumi amesimama. Nikahisi hofu."

Sentensi sita, ni- sita mwanzoni. Wengi wakifika hapa husema nafsi ya kwanza inachosha, wakakimbilia ya tatu, wakaandika "Aliamka saa kumi na moja. Akanawa uso." Uchovu ni uleule. Tatizo ni vitenzi vya kuchungulia: kuona, kusikia, kuhisi, kugundua, kutambua. Msimulizi anasimama kati ya msomaji na tukio, kisha anatoa taarifa kwamba ameliona.

Jaribio: hesabu sentensi za ukurasa zinazoanza na ni- (au a- ya mhusika wako mkuu). Zikizidi nusu, tengeneza. Kisha zungushia kila kitenzi cha kuchungulia na ukifute. Mlango uligongwa, haina haja ya kutuambia aliyesikia.

Kiswahili chenyewe kina dawa nzuri. Hisia zetu hazimilikiwi na mtu, zinamjia mtu. Hofu ilinishika. Usingizi ulinichukua. Njaa iliniuma. Mwili ulinisisimka. Mvua ilinikuta njiani. Katika sentensi hizi msimulizi si mtenda tena: ni- imeshuka kutoka kichwani mwa kitenzi ikaingia katikati yake, na kitu kingine kimepewa nafasi ya mbele. Jaribu:

"Saa kumi na moja mlango uligongwa. Uso ulikuwa bado umelowa. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amesimama nje, kofia mkononi, na hofu ikanishika kabla hajafungua mdomo."

Ni- zimebaki moja, tena imejificha. Kofia iliyo mkononi imeingia kwa sababu nafasi imepatikana.

Dalili: "mimi" anajua asiyopaswa kujua

"Nilimpa shangazi barua. Moyoni alijuta, akakumbuka siku aliyomfukuza baba." Msimulizi aliingiaje moyoni mwa shangazi? Hili ni kosa la watu waliokulia kwenye ngano. Msimulizi wa "hapo zamani za kale" anajua anachowaza sungura na anachowaza fisi, na hakuna anayemuuliza kaambiwa na nani. Tunamrithi bila kujua, kisha tunamvika joho la "mimi".

Una njia tatu za kutoka. Onyesha kinachoonekana: shangazi aliikunja barua ile mara nne, ikawa ndogo kama sarafu. Au taja ulikopata habari: "baadaye nilikuja kuambiwa". Au kisia waziwazi, kwa "huenda" na "pengine"; makisio ya msimulizi humfichua yeye kuliko anayekisiwa, na hapo ndipo nafsi ya kwanza inakuwa tamu. Neno "eti" lina kazi yake: "eti alikuwa anaumwa" ni habari pamoja na tabasamu la asiyeamini. Tumia kwa kiasi. Msimulizi mwenye "eti" kila aya huwa mbea, na pengine ndivyo unavyotaka awe.

Kwa nafsi ya tatu iliyoshikamana na mtu mmoja, kipimo chepesi ni neno "kumbe". Tafuta kila "kumbe" kwenye mswada uulize: aliyeshtuka ni nani? "Kumbe Salehe alikuwa ameuza shamba zamani" ni sentensi nzuri kama tumekaa kichwani mwa nduguye. Kama tumekaa kichwani mwa Salehe mwenyewe, ni upuuzi. Aliyeliuza shamba hawezi kushtuka kwamba liliuzwa.

Dalili: kichwa cha msomaji kinazunguka ndani ya aya moja

Sentensi ya kwanza tunamjua Juma anawaza nini, ya pili mkewe, ya tatu mgeni aliyekaa kwenye mkeka. Si lazima liwe kosa. Msimulizi maizi ana ruhusa hiyo, mradi ajitambulishe mapema: aya ya kwanza kabisa isikike sauti ya mtu anayeutazama mji mzima, mwenye maoni yake na utani wake. Kosa ni kumshikilia Juma kurasa thelathini, halafu kwenye ukurasa wa thelathini na moja kurukia moyo wa mkewe kwa kuwa ilikuwa rahisi kueleza.

Dawa: onyesho moja, kichwa kimoja. Ukitaka kuhama, acha mstari mtupu, na sentensi ya kwanza baada yake imtaje mwenye kichwa kipya kwa jina. Kabla ya kuandika onyesho, jiulize nani ana cha kupoteza zaidi chumbani humo. Kichwa chake ndicho cha kukaa.

Dalili: siri inafichuka mwishoni na msomaji anakasirika badala ya kushangaa

"Mimi" alikuwa akijua tangu ukurasa wa kwanza nani aliiba fedha za chama, akanyamaza mpaka wa mwisho. Msomaji aliyekaa kichwani mwake muda wote anajiona amedanganywa, na ana haki. Katika nafsi ya kwanza kuna watu wawili: yule aliyepitia mambo, na yule anayesimulia baadaye akiwa ameshayajua. Kwanza amua umbali kati yao. Ni jioni hiyohiyo au miaka 20?

Jaribio: tafuta "laiti ningalijua" na sentensi za aina yake. Kila moja inamtangaza msimulizi wa baadaye, inamwambia msomaji kwamba huyu alinusurika na mwisho anaujua. Ukishamtangaza hivyo, kumfanya asiseme ni hila. Ondoa zote ubaki na "nili-" tupu inayotembea pamoja na tukio, au simulia kwa -na-, ambapo msimulizi mwenyewe hajui kesho yake. Angalizo: -na- kwa riwaya nzima huchosha haraka kuliko -li-. Inafaa zaidi hadithi fupi.

Siri ikiwa ndiyo uti wa mgongo wa kisa, mhamishe "mimi" umpe shahidi. Arthur Conan Doyle alifanya hivyo kwa mpelelezi wake Sherlock Holmes: katika hadithi 60, riwaya 4 na hadithi fupi 56, msimulizi ni daktari Watson isipokuwa katika chache sana. Watson anaona kila anachokiona Holmes ila hajui maana yake, basi msomaji naye hajui, na hakuna aliyemficha. Hadithi 2 alizosimulia Holmes mwenyewe ndizo zinazoonyesha vizuri ugumu wake: anayejua jibu ikambidi aukwepe mdomo wake mwenyewe.

Dalili: mtoto wa miaka tisa anazungumza kama tahariri ya gazeti

"Mandhari ya kijiji yalinipa taswira ya upweke." Hakuna mtoto anayesema hivi, na watu wazima wanaosema hivi si wengi. Nafsi ya kwanza inakudai lugha ya msimulizi kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Ya tatu inakudai kwenye mazungumzo tu. Mtoto huyo angesema: "Kijijini hakukuwa na mtu. Hata kuku wa Bi Mwajuma hawakuwapo."

Hili linakuwa zito kwenye lahaja. Msimulizi wa Mombasa anayesema "ndia" na "mtele" lazima aseme hivyo ukurasa wa kwanza na wa mia mbili, na mhariri wako lazima ajue kwamba si makosa ya chapa. Ukijikuta unarudi kwenye "njia" na "mchele" kila hadithi inapokolea, dalili ni kwamba sauti hiyo si ya kwako kuibeba safari nzima. Nenda nafsi ya tatu, lahaja ibaki midomoni mwa wahusika. Sheng ina tatizo lilelile na nyongeza moja: inachakaa upesi, na riwaya huchukua miaka.

Riwaya yenye "mimi" wawili wanaopokezana ina kipimo chake. Funika kichwa cha sura, mpe mtu mistari mitano. Asipoweza kusema ni nani anayezungumza, una "mimi" mmoja mwenye majina mawili.

Dalili: kurasa kumi zimepita na msomaji alidhani msimulizi ni mwanamume

Si ni- wala a- inayotaja jinsia. Ni raha kubwa kwa anayetaka kuficha: Kiswahili kinamruhusu kuandika riwaya nzima bila kusema, tena bila kukunja sentensi hata moja. Kwa asiyetaka kuficha ni mtego, hasa kwa "mimi", maana msimulizi hajiiti jina lake. Itengeneze ndani ya ukurasa wa kwanza kwa kitenzi au kwa ukoo. "Nilioa" na "niliolewa" zinamaliza habari papo hapo. "Wifi" pia: msimulizi anayemwita mke wa kaka yake wifi ni mwanamke, mwanamume angesema shemeji. Au acha mtu mwingine amwite: "Shangazi, karibu ndani." Usimpeleke mbele ya kioo ajieleze sura. Kioo hicho kimeshatumika mno.

Na msimulizi anayekufa mwisho wa hadithi: ama aache maandishi ambayo mwingine anayakuta, ama sura ya mwisho ipewe msimulizi mwingine, ama uandike nafsi ya tatu. Jambo la nne, msimulizi anayezungumza kutoka kaburini, linawezekana, lakini liamue mwanzoni.

Umepita dalili zote na bado hujui

Chukua onyesho gumu kuliko yote, si la kwanza. La kwanza hudanganya, linakubali nafsi yoyote. Liandike kwa maneno 300 hivi katika nafsi ya kwanza. Kesho yake liandike upya katika ya tatu bila kutazama la jana. Ukilitazama utabadilisha viambishi tu na jaribio litakuwa limeharibika. Ziache siku mbili, kisha soma zote kwa sauti.

Angalia kilichomo katika moja ambacho hakimo katika nyingine. Kama toleo la "mimi" lina uongo ambao msimulizi anajidanganya nao, au utani ambao ni yeye pekee angeutoa, shika hiyo. Kama matoleo yanatofautiana kwa ni- na a- tu, nafsi ya kwanza haikufanyii kazi yoyote na inakugharimu: haiwezi kuingia chumba ambacho msimulizi hayumo. Chagua ya tatu. Na kama toleo la nafsi ya tatu lilikufanya uongeze mtu aliyekuwa nje ya mlango, hadithi yako ni ya watu wengi kuliko ulivyodhani.

Mwandishi mmoja anaweza kuchagua tofauti kwa kazi mbili. Ken Walibora alimwachia Kongowea Mswahili asimulie mwenyewe Siku Njema (1996), kisa cha kijana anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake: safari moja, swali moja, mtu mmoja anayelibeba. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012), kisa cha mtawala na wote wanaoishi chini ya mkono wake, alitumia nafsi ya tatu. Kongowea hata angekuwa na masikio ya popo asingeweza kuyasikia yote yanayotendeka katika nyumba za mtawala yule.

Umeamua kubadili: yanayoharibika njiani

Usitumie "tafuta na ubadilishe" ya kompyuta. Ukiiambia ifanye "ni" kuwa "a", nyumbani inakuwa nyumbaa na "ni kweli" inakuwa "a kweli". Ukiiambia ifanye "siku" kuwa "haku" ili upate "hakujua", utakuta hadithi yako imeanza "Haku moja". Fanya kwa mkono, kwa mizunguko, ukishughulikia aina moja kila mara.

Anza na watenda: nili-, nika-, nime-, nita-, ningali-. Usisahau zilizofupishwa, kama "najua" na "nataka", ambazo hutazipata ukitafuta "nina". Kisha ukanushi, unaosahaulika sana: sikujua iwe hakujua, sijui iwe hajui, nisije iwe asije. Kisha watendwa: alinipa iwe alimpa, na mbele ya irabu -mw-, kwa hiyo aliniona iwe alimwona. Kisha mimi, nami, ndimi, babangu, mwenzangu.

Hapo utata wa dalili ya kwanza unarudi kwa mlango wa nyuma. "Aliniambia amechoka" ilikuwa wazi; "alimwambia amechoka" si wazi tena. "Alichukua kofia yangu" ilikuwa na mwenyewe. "Alichukua kofia yake" haijulikani ni ya nani. Rudi na zile kalamu mbili. Angalia na "tu-": "tulikwenda sokoni" ilimjumuisha msimulizi, ila "walikwenda sokoni" inaweza kumwacha nyumbani. Andika "yeye na Hamisi walikwenda".

Maneno ya mahali na wakati yanategemea ukaribu. Kwa msimulizi maizi, hapa huwa pale, leo huwa siku hiyo, kesho huwa kesho yake, kama tulivyofundishwa kwenye usemi wa taarifa. Kwa msimulizi aliyeshikamana na mhusika unaweza kuziacha: "Kesho angerudi. Leo hapana." Ni sauti ya mhusika ikipenya kwenye usimulizi, na inafaa kuilinda. Ukizibadilisha zote kwa mazoea ya shule, utaizima.

Mzunguko wa mwisho ni hu-. "Huamka alfajiri na kufagia uwanja" haina nafsi ndani yake. Ilipozungukwa na "mimi" msomaji alijua ni nani. Sasa imebaki inaelea. Tafuta kila hu- ya mazoea, na iliyopoteza mwenyewe ipe jina.